Njia ya Mchungaji Aliyepigiwa Kura

Barabara ya kutoka Springfield kwenda Northampton, katika jimbo la Massachusetts, huelekea kaskazini ikiuandama Mto Connecticut kwa kilomita 30 hivi. Bondeni kuna mashamba yenye udongo mzuri ambao Wapuritani wa Kiingereza waliufuata kutoka pwani katika karne ya 17. Juu kuna vilima ambavyo misitu yake, ifikapo Oktoba, huwa imegeuka nyekundu na manjano, na watalii huja kutoka mbali kuitazama. Sisi wawili tulikuwa tunafuata habari ya mwaka 1750: kanisa lililompigia kura mchungaji wake aondoke. Mchungaji huyo alikuwa Jonathan Edwards, ambaye wanahistoria wengi humhesabu kuwa mwanateolojia mkubwa kuliko wote waliopata kuzaliwa Marekani.

Aliyeshika usukani ni mchungaji pia. Nilimfahamu mjini Kasulu, nilipokuwa nafundisha huko. Alivuka Ziwa Tanganyika akiwa kijana, akitokea upande wa Fizi, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Kambini alianza kama mwimbaji wa kwaya, akawa mwinjilisti, kisha akawekewa mikono na kulichunga kanisa la matofali mabichi ambalo waumini walilijenga kwa mikono yao. Ulipofika wakati wake wa kuhamishiwa Marekani, aliliacha kundi zima likiimba kando ya basi. Sasa anaishi Springfield, mji wenye familia nyingi za Kikongo na Kirundi. Siku za kazi anapanga mizigo ghalani. Jumapili saa nane mchana anaongoza ibada ya Kiswahili katika jengo la kuazima, wenye jengo wakishamaliza ibada yao ya asubuhi.

Wazee wa kanisa lake wamemwomba aachie nafasi. Sitausimulia ugomvi wenyewe, kwa sababu una pande mbili nami nimeusikia upande mmoja. Inatosha kusema kwamba unahusu lugha ya ibada, fedha za pango, na vijana wasioelewa tena Kiswahili cha mahubiri. Amepata mahali pengine, Des Moines katika jimbo la Iowa, ambako Wakongo wengi wamehamia kufuata kazi. Lakini baadhi ya waumini wake wamemwambia asiende popote: watakodi ukumbi mtaa wa pili, naye aanze kanisa jipya pamoja nao. Walikuwa wanangoja jibu. Aliposikia kwamba naenda kuandika habari za Edwards, aliomba ruhusa ghalani, akasema atanipeleka mwenyewe.

"Namjua kwa lile hubiri moja tu, Mwalimu," aliniambia. "Lile la wenye dhambi mikononi mwa Mungu mwenye hasira."

Wengi hawamjui kwa lingine. Hubiri hilo alilitoa Enfield tarehe 8 Julai 1741, na watu walilia kwa sauti hata ikambidi anyamaze wapoe. Limemfanya akumbukwe kama mtu wa moto na vitisho. Mtu tuliyemfuata sisi alikuwa mwembamba, mwenye afya dhaifu, asiyepaza sauti mimbarani, aliyependa kupanda farasi peke yake msituni huku amebandika vipande vya karatasi kwenye koti ili asisahau alichokuwa anawaza.

Northampton ni mji mdogo wenye mikahawa, maduka ya vitabu na wanafunzi wa Chuo cha Smith. Kanisa lipo pale pale kwenye barabara kuu, jengo la mawe ya kahawia la miaka ya 1870. Lile ambamo Edwards alihubiri halipo tena. Ndani ya jengo la sasa kuna sanamu yake ya shaba iliyochongwa na Herbert Adams, ikimwonyesha akiwa mimbarani. Wenye kanisa waliizindua tarehe 22 Juni 1900. Siku hiyo haikuokotwa tu kwenye kalenda. Ilikuwa miaka 150 kamili tangu kanisa hilo hilo limwondoe. Waliotoa hotuba siku ile walisema waziwazi kilichowakusanya, na hotuba zao zikachapishwa kuwa kitabu.

Mchungaji alinisikiliza, kisha akauliza kwa nini walingoja miaka 150. Sikuwa na jibu, tukaenda kukaa kwenye benchi la nje na kuanza hadithi tangu mwanzo.

Edwards aliingia Northampton kama msaidizi wa babu yake mzaa mama, Solomon Stoddard, akawekwa wakfu Februari 1727. Stoddard alikuwa ameliongoza kanisa hilo kwa karibu miaka 60, na bonde zima lilimheshimu. Alipofariki mwaka 1729, mjukuu wake, mwenye umri wa miaka 25, alibaki na mimbari peke yake. Mwaka 1734 ukaanza uamsho. Vijana waliokuwa wakikesha kwenye starehe walianza kukesha kwenye maombi, na Edwards aliandika kwamba katika miezi sita watu 300 hivi waliokolewa. Kitabu alichoandika juu ya miezi hiyo kilichapishwa London mwaka 1737, na jina la Northampton likajulikana hadi Scotland.

Uamsho huo ulikuwa na jeraha lake. Juni 1735, mfanyabiashara Joseph Hawley, mume wa mama mdogo wa Edwards, alijiua baada ya kuteswa muda mrefu na hofu ya kupotea milele. Alimwacha mtoto wa kiume mwenye jina kama lake. Mtoto huyo atarudi katika hadithi hii.

Kisha mwaka 1744 likatokea jambo ambalo kila mchungaji angepaswa kulisoma. Vijana wa kiume walikuwa wamepata vitabu vya wakunga, wakavisoma kwa siri na kuwadhihaki wasichana kwa yale waliyoyaona humo. Edwards alilieleza kanisa juu ya kosa hilo na kanisa likakubali uchunguzi ufanyike. Hapo akasimama na kusoma orodha ya majina ya vijana waliotakiwa kufika nyumbani kwake. Alisoma majina ya watuhumiwa na ya mashahidi kwa pamoja, bila kusema yupi ni yupi. Karibu kila familia kubwa ya mji ilisikia jina la mtoto wake. Kabla watu hawajafika nyumbani, mji ulikuwa unawaka.

Mchungaji alishika kichwa. "Hapo alilipoteza kanisa," alisema. "Mambo mengine yote yalikuja tu kupiga muhuri. Majina ya watoto wa watu husomi vile. Unakwenda nyumba kwa nyumba, unakaa, unapewa chai, unazungumza na baba pembeni."

Nadhani alisema kweli, ingawa vitabu vingi vinaweka uzito kwenye suala la meza ya Bwana. Stoddard alikuwa ameruhusu kila aliyebatizwa, mwenye mwenendo usio na lawama ya wazi, ashiriki chakula cha Bwana, akiamini kwamba meza yenyewe inaweza kumgeuza mtu. Edwards aliifuata desturi hiyo miaka mingi huku moyo ukimsuta. Mwishowe aliamua kwamba anayetaka kushiriki ni lazima akiri imani ya moyo wake mwenyewe. Desemba 1748, kijana mmoja alipoomba kuwa mshiriki, Edwards alimtaka akiri hivyo. Ulikuwa umepita muda wa miaka karibu minne bila mtu hata mmoja kuomba kujiunga.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa ukali wa jambo hili. Katika sharika za Kilutheri na za Kianglikana tumewaona akina mama wakibaki kwenye viti wakati wengine wanakwenda madhabahuni, kwa sababu ndoa yao ni ya kimila na mume hana haraka ya kuibariki. Tumesikia majina ya waliotengwa na ya waliorudi kundini. Tunajua jinsi familia nzima inavyoweza kuacha kusali kwa sababu ya bibi mmoja aliyenyimwa meza. Northampton ya mwaka 1749 ilikuwa na neno la ziada: mjukuu alikuwa anaubomoa ukuta uliojengwa na babu yake, na waliojengewa ukuta huo walikuwa bado hai.

Edwards aliomba nafasi ya kueleza hoja zake mimbarani, akazuiwa. Aliandika kitabu, wachache wakakisoma. Baraza la wachungaji na wajumbe wa makanisa jirani liliitwa Juni 1750, nalo likaamua kwa tofauti ya kura moja kwamba atenganishwe na kanisa iwapo kanisa litaendelea kutaka hivyo. Washiriki walipoulizwa, zaidi ya 200 walitaka aondoke, na 23 tu walisimama naye. Aliyewaongoza wapinzani kwa ufasaha mkubwa alikuwa wakili kijana, Joseph Hawley, yule mtoto aliyeachwa na baba yake mwaka 1735.

Waliopiga kura ni wanaume peke yao. Sarah Edwards, mke wa mchungaji, aliyekuwa amejifungua mtoto wa 11 mwezi Aprili mwaka huo, hakuulizwa, wala wanawake wengine wa kanisa. Na katika nyumba yao ya King Street walikuwemo watu ambao hakuna aliyefikiria kuwauliza chochote. Juni 1731 Edwards alisafiri hadi bandari ya Newport akanunua msichana Mwafrika wa miaka 14 hivi, aliyeitwa Venus katika hati ya mauzo, kwa pauni 80. Hati hiyo ipo hadi leo. Edwards alipokufa, mali zake zilipoorodheshwa, kijana aitwaye Titus aliandikwa humo. Mtu aliyeandika kurasa nyingi kuliko karibu mwenzake yeyote wa zama zake juu ya uzuri wa wema wa kweli alikuwa akimiliki watu, na aliwahi kuandika maelezo ya kuitetea hali hiyo.

Sisi tuliokulia karibu na njia ya misafara, ambao tumesimama Mkunazini, Zanzibar, penye kanisa kuu lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kulipita jambo hili haraka. Mchungaji alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza umri wa Venus mara ya pili, nami nikaurudia. Akasema binti yake wa mwisho ana miaka hiyo hiyo.

Tarehe 1 Julai 1750 Edwards alitoa mahubiri ya kuaga. Alichukua andiko la 2 Wakorintho 1:14, Paulo anapowaambia watu waliomtilia shaka kwamba siku ya Bwana Yesu wataonea fahari wao kwa wao. Hoja yake kubwa ni kwamba mchungaji na kundi lake hawaachani kabisa. Watakutana tena mbele ya Hakimu, na huko kesi yao itasikilizwa na asiyedanganyika, kila neno na kila nia vikiwekwa wazi. Baada ya hapo aliyagawa maneno yake kwa makundi: waumini wa kweli, wale ambao hawajaokoka, vijana, watoto. Akawaonya juu ya ugomvi, akawaombea mchungaji mwema. Ni hubiri zito, lenye huzuni bila matusi. Hata hivyo ukilisoma hadi mwisho unaona kwamba hana shaka hata chembe ni nani Hakimu atampa haki.

Mchungaji alikuwa na nakala yake mapajani. Nilimtumia wiki iliyotangulia. Alikuwa amepigia mistari mahali pengi.

"Ni zuri," alisema. "Lakini mimi siwezi kulihubiri. Nikiwaambia watu tutakutana hukumuni, watasikia kwamba nawatisha."

Lililofuata ndilo lililomshangaza kuliko yote. Edwards hakuwa na pa kwenda, na kanisa halikuwa na mchungaji. Hivyo katika miezi iliyofuata, Jumapili walizokosa mhubiri, walimwita yeye, naye akapanda mimbari ile ile kuwahubiria watu waliomfukuza. Hilo liliendelea hadi mji wenyewe ulipoona haya ya kumtumia na kuamua asiitwe tena. Nyumbani fedha zilikuwa za shida. Sarah na binti zake walishona lesi na kupaka rangi vipepeo vya mkono vya kuuza Boston, na yeye akaokota mabaki ya karatasi za vipepeo hivyo akayashona kuwa madaftari. Maandishi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, na baadhi ya kurasa bado zina umbo la nusu duara.

Njia zilikuwepo. John Erskine, rafiki yake wa Scotland, alimwuliza kama angekubali kanisa huko, naye alijibu kwa heshima, akihofia kuihamisha familia kubwa kiasi kile kuvuka bahari. Njia ya karibu zaidi ilikuwa pale pale mjini. Wale wachache waliosimama naye walitaka abaki Northampton awe mchungaji wao, kundi la pili katika mji mmoja. Moyo wa Edwards haukuwa huko. Mei 1751 baraza jingine likakaa na kumshauri aende Stockbridge, kwenye mpaka wa magharibi, kwa Wahindi Wekundu wa taifa la Mohican. Akakubali.

Jambo hili nataka kulikazia, kwa sababu kwetu limekuwa la kawaida mno kutenda kinyume chake. Mchungaji akikosana na wazee, mwezi haupiti kabla turubai halijasimama upande wa pili wa barabara, spika zikiwa zimeelekezwa zinakojulikana. Sisemi kwamba kutoka na watu ni kosa kila mara. Mwaka 1957 Matthew Ajuoga, kasisi wa Kianglikana huko Nyanza, Kenya, alitoka na makasisi wenzake na maelfu ya waumini, wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, na sababu zao zilikuwa nzito: uongozi wa kigeni, na nafasi ya Mwafrika ndani ya nyumba ya Mungu. Roger Williams, aliyefukuzwa koloni la Massachusetts kwa imani yake, alianzisha mji wa Providence mwaka 1636, na uhuru wa dhamiri ukapata makao. Lakini ugomvi wa Northampton ulikuwa baina ya mtu na watu wake mwenyewe, aliowabatiza na kuwazikia wazazi. Kundi la pili mjini lingefanya kila arusi na kila msiba kuwa siku ya kuhesabiana. Edwards alikuwa na watu 23 wenye kura, pamoja na jamaa zao. Wangetosha kuwa kanisa. Akawaacha mahali walipokuwa.

Kabla ya kuondoka tulipita makaburi ya Bridge Street. Kuna kaburi la David Brainerd, mmisionari aliyefia nyumbani kwa Edwards Oktoba 1747 kwa kifua kikuu, na kando yake la Jerusha, binti wa Edwards, aliyemuuguza na kufa miezi michache baadaye akiwa na miaka 17. Mchungaji alisoma mawe ya makaburi kwa sauti ndogo. Kuondoka Northampton kulimaanisha pia kuyaacha hayo. Yeye ana makaburi Nyarugusu.

Kwenda Stockbridge ni safari ya saa moja na kitu, kwa barabara kuu ya kulipia inayopanda milima ya Berkshire. Familia ya Edwards iliifanya Oktoba 1751, mwezi ule ule tuliosafiri sisi, kwa njia za msituni. Edwards alikuwa na miaka 48.

Kijiji kimetunzwa vizuri, kina nyumba nyeupe na hoteli ya zamani yenye baraza ndefu. Nyumba ya misheni, iliyojengwa na John Sergeant, mtangulizi wa Edwards, ilihamishiwa barabara kuu katika karne ya 20 na sasa ni makumbusho. Karibu na kanisa la matofali la Kikongregesheni umesimama mnara wa kengele wa mwaka 1878, mahali lilipokuwa kanisa la kwanza la misheni. Wamohican walikuwa wamekubali misheni hiyo katika miaka ya 1730 chini ya mkuu wao Konkapot, wakigawana mji na familia chache za Waingereza. Walitaka shule, walitaka watoto wao wajue kusoma hati za ardhi, na walitaka rafiki mwenye nguvu dhidi ya wafanyabiashara waliowalewesha na kuwanyang'anya.

Edwards alisimikwa Agosti 1751, kabla familia haijahamia. Hakuijua lugha yao wala hakupata kuijua vizuri, akahubiri kwa mkalimani Mmohican, John Wauwaumpequunnaunt, ambaye alisifiwa kwa akili na elimu. Hapa ndipo mtu aliyekuwa akihubiri hoja 10 zenye matawi alipolazimika kujifunza upya kazi ya mimbari. Mahubiri yake ya Stockbridge ni mafupi, yamejaa mbegu, nuru, samaki na mapito. Ule mkazo wa hasira ulipungua. Mwezi huo huo wa Agosti, alipowahutubia wajumbe wa Wamohawk waliofika kuangalia shule, aliwaambia kwamba Waingereza si bora kuliko wao kwa lolote, na kwamba wako Wazungu wanaotaka Wahindi wabaki gizani ili biashara ya kuwadanganya iendelee.

Mchungaji alicheka kwa furaha aliposikia habari za mkalimani. Kambini alihubiri kwa Kiswahili, mtu akitafsiri kwa Kirundi baada ya Warundi kuingia kwa wingi mwaka 2015. "Mkalimani anakufundisha," alisema. "Ukisema jambo usilolielewa mwenyewe, yeye anasimama tu anakutazama. Kanisa zima linangoja."

Shida za Edwards hazikubaki Northampton. Ukoo wa Williams, uliohusika kumpinga kule, ndio uliokuwa na nguvu Stockbridge. Ephraim Williams hakutaka aje kabisa, na fedha za wafadhili wa shule zilikuwa zinapitia mikono ya jamaa hao. Edwards aliandika barua baada ya barua kwenda Boston na London, akidai watoto wafundishwe kweli na wazazi wao washirikishwe. Ilichukua miaka. Aliposhinda, mwaka 1754, Wamohawk wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa na kuondoa watoto wao. Mwaka huo huo vita vya Waingereza na Wafaransa vilikifikia kijiji, na nyumba ya mchungaji ikajaa askari na wakimbizi.

Katikati ya hayo yote alimaliza kitabu chake juu ya uhuru wa utashi, kilichochapishwa 1754, kikafuatwa na cha dhambi ya asili na vingine viwili vilivyotoka baada ya kifo chake. Hakuna kitabu cha Northampton kinachovishinda kwa uzito. Husemwa kwamba alivipata kwa sababu Stockbridge palikuwa kimya. Barua zake zinaonyesha kwamba kimya hicho hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kwamba sasa hakuwa tena na mji mzima wa kuulinda mikononi mwake.

Mwanawe Jonathan, aliyefika akiwa na miaka sita, alicheza na watoto wa Kimohican hata akawa anawaza kwa lugha yao. Mwaka 1755 baba yake alimpeleka mbali na mmisionari akajifunze lugha nyingine ya Wahindi. Mtoto huyo alipokua alichapisha utafiti juu ya Kimohican mwaka 1788, na akawa miongoni mwa wachungaji waliopinga utumwa hadharani. Alilolitetea baba, mtoto alilikana. Huenda michezo ile ya utotoni ilikuwa na sehemu yake.

Barua ya Hawley ilimfikia Edwards Stockbridge. Wakili yule alikuwa anasutwa na dhamiri kwa yale aliyoyasema na kuyaandika. Edwards alimjibu Novemba 1754 kwa upole, bila kuliita kosa kwa jina jingine. Mwaka 1760 Hawley alilikiri kosa lake katika gazeti la Boston ili kila mtu asome. Edwards alikuwa amekwisha kufa.

Alikuwa ameitwa mara ya pili kuondoka. Mkwewe Aaron Burr, rais wa chuo ambacho leo ni Princeton, alifariki Septemba 1757, na wadhamini wakamtaka Edwards achukue nafasi yake. Aliwajibu kwa kuorodhesha upungufu wake: afya mbovu, roho yenye kuinama, ulimi mzito katika mazungumzo, uhaba wa hesabu za juu na wa fasihi ya Kigiriki. Baraza lilikaa Stockbridge mwanzoni mwa Januari 1758. Wamohican na Waingereza waliomba asichukuliwe. Wajumbe waliamua aende, na wakati wa kutangaza uamuzi alilia mbele yao. Mara ya kwanza alifukuzwa na hakulia hadharani. Huko Princeton ndui ilikuwa karibu, akachanjwa kwa njia ya zama zile, na tarehe 22 Machi 1758 chanjo ikamuua. Kabla ya mwaka kwisha binti yake Esther na mkewe Sarah nao walikuwa wamefariki.

Na kundi? Vijana wa Kimohican walipigana upande wa Wamarekani katika vita vya uhuru, wengi wakafa Kingsbridge Agosti 1778. Waliorudi walikuta ardhi yao ikiisha kwa madeni na ujanja. Katika miaka ya 1780 walihama kwenda New York kwa Waoneida, na baadaye wakasukumwa hadi Wisconsin. Jamii yao, Stockbridge-Munsee, ipo huko hadi leo. Nje ya kijiji kuna eneo la makaburi ya wazee wao, nao wamekuwa wakirudi kutafuta na kudai vitu vya mababu, ikiwemo Biblia waliyopewa mwaka 1745, ambayo walifanikiwa kuirudisha kwao. Mnara wa Edwards, nguzo ya mawe iliyowekwa na wazao wake, uko barabara kuu. Mchungaji aliutazama kwa muda mfupi tu. Makaburini alikaa muda mrefu.

"Yeye aliondoka akiitwa na chuo," alisema. "Hawa walianza upya mara ngapi, na watoto mgongoni?"

Kurudi, tulisimama katika kituo cha mapumziko cha Blandford kunywa kahawa. Akaniomba kalamu na karatasi niandike, yeye akitaja: daftari la ubatizo, daftari la fedha, pango likiwa limelipwa mpaka Desemba, funguo mbili, wa mlango na wa stoo, kinanda, ngoma mbili zilizotoka Kigoma, ambazo ni za kanisa, majina ya wagonjwa wanne na siku wanazopenda kutembelewa, vijana wanaojiandaa kwa ubatizo, na mahali walipofikia katika mafundisho. Nilimwuliza zile familia zinazotaka kutoka naye niziandike wapi.

"Waandike na wengine, kwenye daftari la kanisa. Wanaabudu pale."

"Na mahubiri ya kuaga?"

"Nitahubiri kama Jumapili nyingine, na kijana mmoja atatafsiri kwa Kiingereza. Walikuwa wanalitaka hilo muda mrefu."

Kisha akampigia simu mzee wa kanisa ambaye ndiye amekuwa akimpinga zaidi. Nilisogea dirishani nisiwasikilize, lakini ukumbi ulikuwa mdogo. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana habari za watoto. Wakapatana Jumamosi saa nne asubuhi, kanisani. Mchungaji akamwomba aje na mhazini, ili wahesabu pamoja na kila mmoja atie sahihi.